UZI: Pale Nyali hakuzikwa Krapf. Kaburi ni la Rosine na mwanawe

mwana_kisauni (mwenye uzi)

Hamjambo nyote. Uzi huu nimekaa nao moyoni muda mrefu, na leo nauandika kwa sababu ya jibu moja nililolisikia Jumapili iliyopita.

Nilitembea na mpwa wangu wa darasa la sita hadi kwenye kumbukumbu ya Krapf, yule mmisionari Mjerumani, upande wa Mkomani, Nyali, pale panapotazamana na kisiwa. Mtoto akaniuliza, "Mjomba, Krapf amelala hapa?" Sijafungua kinywa, mzee mmoja aliyekuwa kivulini akamjibu, "Ndiyo, ndilo kaburi lake hilo." Mzee wa watu hakuwa na nia mbaya. Nusu ya Mombasa ingemjibu vivyo hivyo.

Lakini Krapf hakuzikwa pale. Johann Ludwig Krapf alifia Korntal, Ujerumani, tarehe 26 Novemba 1881, na huko ndiko aliko. Waliolala Nyali ni mkewe, Rosine, na kitoto chao cha kike. Mume ana jina kwenye shule, kwenye vitabu na kwenye historia ya Kiswahili. Mke ana ardhi ile tu, na hata hiyo watu wanampa mumewe. Jambo hilo linaniuma, ndiyo maana naomba nilieleze tangu mwanzo.

Rosine Dietrich alitoka Basel, Uswisi. Alifunga ndoa na Krapf mjini Alexandria, Misri, mwaka 1842. Hawakuwa na fungate. Walishika njia ya Massawa ili Krapf arudi Uhabeshi, alikokuwa amefanya kazi ya umisheni hapo kabla. Milango ikafungwa, wakazuiwa. Na huko nyikani, njiani, Rosine akajifungua mtoto kabla ya wakati wake. Mtoto hakuishi. Walimpa jina Eneba, yaani chozi kwa Kiamhari. Wakamzika, na siku ya tatu mama mzazi ikabidi apande mnyama msafara uendelee, kwa kuwa wenye ngamia hawakukubali kungoja. Yeyote aliyewahi kumhudumia mzazi wa siku tatu anajua maana yake.

Baada ya hapo ndipo Krapf akaelekeza macho huku kwetu. Walitoka Aden, wakafika Unguja Januari 1844, wakapokewa na Seyyid Said, aliyempa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Mwezi Mei mwaka huohuo wakahamia Mombasa. Rosine alikuwa mjamzito.

Tarehe 6 Julai akajifungua mtoto wa kike. Homa ikamkamata. Krapf naye alikuwa hoi kitandani chumba hichohicho. Yeye mwenyewe aliandika kwamba mkewe alipokata roho, tarehe 13 Julai, ilimbidi ajikongoje kwa shida ili ahakikishe kweli amefariki. Mwili wake ukavushwa hadi bara, ukazikwa. Siku chache baadaye mtoto akamfuata mama yake, akalazwa ubavuni pake.

Tangu wafike Mombasa hadi pale makaburini ilikuwa miezi miwili tu.

nahodha_mvita

Shukrani mwana_kisauni. Mimi nimekulia Kibokoni na tuliambiwa kwamba mama yule alizikwa ng'ambo kwa sababu watu wa mji, Waislamu, walikataa Mkristo azikwe kisiwani. Hilo ni kweli au ni maneno ya vijiweni?

mwana_kisauni

Nahodha, nashukuru umeliuliza wazi, maana hilo limewachafulia jina wazee wetu wa mji bure.

Krapf hakuandika hivyo. Alichoandika ni kwamba mkewe alizikwa bara kwa matakwa yake mwenyewe, katika nchi ya Wanyika, kama walivyoitwa Wamijikenda zama hizo, ili kila apitaye akumbuke kilichowaleta. Mji wenyewe ulimpokea vizuri. Liwali alimtendea wema. Na mtu aliyekaa naye kumsaidia kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhidin. Kazi hiyo waliianza tarehe 8 Juni 1844. Hesabu mwenyewe: Rosine alifariki wiki tano baadaye. Kwa hiyo wino wa tafsiri ile na udongo wa kaburi lile ni wa msimu mmoja.

Mtanganyika_wa_Pwani

Wakuu shikamooni. Nauliza kutoka Bagamoyo. Kwa hiyo tuseme hilo ndilo kaburi la kwanza la Mkristo pwani hii? Kuna mahali nimewahi kusoma hivyo.

nahodha_mvita

Hapana ndugu yangu, hapo naweza kujibu mimi. Wareno walikuwa Mombasa tangu mwisho wa karne ya 16, na mapadre wa Kiaugustino wakiwa pamoja nao. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, yule mfalme aliyelelewa Goa akabatizwa Jerónimo kisha akageuka, aliwaua Wareno na Wakristo wenyeji waliokuwa Ngome ya Yesu (Fort Jesus) na mjini. Hao wote walizikwa wapi, kama si hapahapa? Tena mwaka 1824, Waingereza walipotwaa Mombasa kwa muda kwa kuombwa na akina Mazrui waliokuwa wakiutawala mji, waliacha afisa kijana, Luteni Reitz, naye akafa kwa homa mwaka huohuo. Ghuba ya Port Reitz imebeba jina lake.

Labda tuseme kaburi la Nyali ndilo la kwanza la umisheni wa Kiprotestanti. Hapo sawa.

mwana_kisauni

Umesema kweli, na mimi nakubali masahihisho hayo. Yaliyotangulia ni makaburi ya askari na wafanyabiashara na mapadre wa ngome. Hili la Nyali ni la familia: mke na mtoto, waliokuja kukaa.

Kuna kitu Krapf alikifanya baada ya maziko ambacho kimekuwa mashuhuri. Aliwaandikia wakubwa wake wa CMS, chama cha misheni cha Kianglikana, huko London kwamba sasa pwani ya Afrika Mashariki ina kaburi la pekee la watu wa misheni, na kwamba hiyo ni ishara kuwa kazi imeanza. Maneno hayo yamenukuliwa makanisani mara nyingi. Wengi husikia ushujaa ndani yake. Mimi nikiyasoma namwona mtu mwenye homa, hana mke, hana mtoto, anatafuta sababu ya kutopanda jahazi akarudi kwao. Na alipokosa sababu nyingine, akashika kaburi.

Watu wa pwani tunalielewa hilo bila kufundishwa. Ukitaka kujua shamba ni la nani, unauliza nani amezikwa humo.

BintiRabai

Hapo kwenye "nani amezikwa humo" umenigusa. Mimi ni wa Rabai kwa mama. Kwetu wazee walipozikwa kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, mahali hapo hapakatwi mti, hapachimbwi, hapaingiwi ovyo. Kaya zetu zimewekwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, lakini kabla ya UNESCO zililindwa na wafu. Koma, yaani roho za wazee, wanasimamishiwa vigingi vyao vya mti, wanapelekewa tembo la mnazi, wanaambiwa habari za nyumbani. Wagiriama ndugu zetu wana vigango, nguzo za mti za kuwakumbuka wazee, na mnajua wenyewe jinsi vilivyoibwa usiku na kuuzwa Marekani.

Kwa hiyo Rosine alipoomba azikwe bara, alikuwa amejiweka mikononi mwa watu ambao hawachezei kaburi. Sijui kama alilijua hilo. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Niongeze ya Rabai. Johannes Rebmann, mmisionari mwenzake Krapf, alipofika mwaka 1846, yeye na Krapf walipanda kwenda Rabai tarehe 25 Agosti kuanzisha kituo. Wote wawili walikuwa na homa. Walikuwa na punda mmoja tu, wakipokezana: huyu apande, yule atembee, kisha yule apande. Bibi yangu akisimulia hadithi hii huinuka kwenye kiti akaonyesha Mzungu anavyokwea mlima ameshika mkia wa punda. Mkia sina hakika nao. Punda ni wa kweli.

Walipanda Rabai kwa kuwa ni juu, kuna upepo. Lakini makaburi yaliwafuata hukohuko. Mwaka 1849 walikuja wenzao wawili, Erhardt na Wagner. Wagner hakumaliza miezi miwili. Mwaka 1851 akaja Pfefferle, naye akafa mara tu baada ya kufika. Na mtu wa kwanza kubatizwa Rabai, Mringe, mlemavu aliyekuwa akisikiliza mafundisho kwa bidii, alikufa muda mfupi baada ya ubatizo. Hebu fikirieni jinsi jirani zao walivyolitazama jambo hilo: wageni wanakufa, na aliyewafuata naye amekufa.

dkt_wa_zahanati

Naomba niingie kidogo kwa upande wa kazi yangu. Homa ile karibu hakika ni malaria. Tazameni mwezi: Julai. Masika ya pwani ni Machi hadi Mei, maji yanatuama, mbu wanazaana, na kilele cha homa huja baada ya mvua. Rosine alifika Mei, katikati ya msimu, bila kinga yoyote mwilini, tena mjamzito. Mjamzito malaria humshika vibaya kuliko mtu mwingine, na mtoto huzaliwa dhaifu. Leo mama wa aina hiyo ningempa chandarua kuanzia kliniki ya mwanzo, na dawa za kinga kuanzia mwezi wa nne wa mimba.

Wao waliamini homa inatokana na hewa chafu ya mabwawa. Kwamba ni mbu, Ronald Ross alikuja kulithibitisha mwaka 1897. Ndiyo kusema kwa zaidi ya miaka 50 baada ya kaburi lile watu walikuwa wakifunga madirisha kuzuia hewa, na mbu wako ndani.

Nimewahi kupoteza mama na mtoto usiku mmoja, miaka ya mwanzo ya kazi. Hizo tarehe 6 na 13 nimezisoma mara mbili. Siku saba. Ndivyo inavyokuwa.

Mtanganyika_wa_Pwani

Pole sana daktari.

Kwetu Bagamoyo Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, na makaburi yao yapo mpaka leo, yametunzwa, misalaba imepangwa mistari. Ukisoma umri wao unashangaa, wengi ni vijana. Tofauti ni kwamba pale ni mapadre na masista, hakuna familia. Mwana_kisauni, je, Rebmann naye alikuwa na mke? Au Rosine alikuwa peke yake?

mwana_kisauni

Swali zuri, na hapa ndipo penye kiini cha ninachotaka kusema.

Rebmann alioa mwaka 1851 huko Misri, akaja na mkewe Rabai. Mama yule alikaa Rabai miaka kama 15, akafariki huko mwaka 1866. Rebmann alibaki peke yake, macho yakafifia hadi akapofuka, akarudishwa kwao mwaka 1875. Alifariki Korntal mwaka 1876. Krapf alikuwa ameshaondoka moja kwa moja kama mkazi tangu 1853 kwa ugonjwa, akarudi kwa muda tu miaka ya 1861 na 1862 kuwasindikiza Wamethodisti walioanzisha kituo cha Ribe. Huko Ribe tena, mmoja wa Wamethodisti hao, Thomas Wakefield, alimzika mkewe Rebecca mwaka 1873.

Sasa wekeni pamoja. Nyali, Rosine. Rabai, mke wa Rebmann. Ribe, Rebecca. Krapf na Rebmann, waliouandikia ulimwengu kuhusu Kilimanjaro na Mlima Kenya, wote wawili wamezikwa mji mmoja mdogo Ujerumani. Wake zao ndio waliobaki na sisi. Tukisema waasisi wa misheni "wamelala pwani", tunaosema habari zao ni wanawake, na majina yao hatuyajui.

nahodha_mvita

Aisee. Sijawahi kulipanga hivyo.

Mchungaji_mstaafu

Bwana asifiwe. Nimesoma kwa makini. Kaka, una haki, ila usimwonee Krapf. Aliendelea na kazi miaka 9 baada ya kumzika mkewe, na sarufi yake ya Kiswahili ilitoka 1850, na kamusi yake ikachapishwa 1882 yeye ameshafariki. Hakukimbia.

Tukiwa chuoni tulifundishwa ile barua kama andiko. Mwalimu wetu hakututajia jina la Rosine hata mara moja. Nilikuja kulijua nikiwa na miaka 40, nikasimama palepale Nyali nikaona haya. Nimehubiri barua ile mara ngapi bila kumtaja aliyelala ndani ya kaburi?

mwana_kisauni

Baba Mchungaji, simwonei. Nakubali hakukimbia. Nataka tu mwenye kaburi apewe kaburi lake.

Sasa niruhusuni nieleze kwa nini mtu wa Kisauni kama mimi, asiye Mjerumani wala Mswisi, analishika jambo hili.

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa Unguja kumbana Sultan Barghash, na Juni mwaka huo mkataba ukafunga soko la watumwa. Manowari za Waingereza zikawa zinakamata majahazi, na watu waliomo ndani ikabidi wapelekwe mahali. Mwaka 1875 CMS, chini ya William Salter Price, ikanunua ardhi Kisauni, si mbali na kaburi la Rosine, ikaanzisha kijiji kikaitwa Frere Town. Ile kengele ya Kengeleni ni ya kwao. Walikuwepo tayari wale waliorudishwa kutoka India, waliolelewa Nasik karibu na Bombay, akina William Jones, Ishmael Semler na George David, ambao walifika pwani tangu 1864. Wao ndio walimu na mafundi waliobeba kijiji, ingawa vitabu huwataja nyuma ya Wazungu.

Upande wa baba yangu ni watu wa Frere Town. Nyanya wa bibi yangu alishushwa kutoka jahazini akiwa mtoto. Alijua neno la kuomba maji kwa lugha ya kwao, basi. Hakujua kijiji, hakujua mto, jina la baba yake alilisahau. Mtu wa namna hiyo, hapa pwani, aliitwa nani? Mmijikenda ana kaya. Mswahili ana mtaa na maziara ya ukoo. Yeye hana pa kuonyesha kidole akasema babu yangu yuko pale.

Bibi alikuwa akituambia: nyanya yake alianza kujiona mtu wa Kisauni siku alipomzika mtoto wake wa kwanza. Si siku aliyopewa kiwanja. Si siku aliyobatizwa. Siku ile ya kuzika. "Sasa ninaye wangu chini," alisema. Akawa mwenyeji.

Kila mwisho wa mwaka bibi alitupeleka makaburini na majembe. Tunafyeka, tunapanga upya mawe ya matumbawe yaliyozunguka kaburi, tunapaka chokaa. Alikuwa na tabia moja: alichota chokaa kwa kifuu, akapaka jiwe la kichwani kwa kiganja chake, si kwa brashi. Kiganja kikibaki cheupe, anakigonga pajani mara mbili, anahamia kaburi la pili. Wakati mwingine tukishamaliza alitembea nasi hadi karibu na maji, akaonyesha, "Na yule mama mgeni naye alizika mwanawe hapa kabla yetu." Hakumwita mke wa Krapf. Mama mgeni. Kwa bibi yangu, Rosine na nyanya yake walikuwa watu wa aina moja: waliletwa na bahari na wakapata kwao kwa kuzika.

BintiRabai

Nimelia jamani.

Na Rabai hivyohivyo. Wale watoro waliokimbilia misheni, mabwana zao wakawadai, mwaka 1888 kampuni ya Waingereza ikalipa fidia, na Siku ya Mwaka Mpya 1889 zikatolewa hati za uhuru kwa watu zaidi ya 1,400 wa vituo vya misheni. Wengi walikuwa wa Rabai. Koo zao ziko mpaka leo, na wanajulikana kwa makaburi ya kanisani, kwa kuwa kaya haikuwa yao.

kijana_wa_Mishomoroni

Samahani kwa kuingilia wakubwa. Hayo makaburi ya wazee wa Frere Town yako salama? Kisauni ya sasa kila kipande kina wenyewe watatu.

mwana_kisauni

Si salama kama inavyotakiwa. Siku hizi sehemu tunayozika sisi imepungua. Jirani mmoja alijenga ukuta, ukuta ukasogea, na safu moja ya makaburi ya watoto ikabaki upande wake. Hayakuwa na majina, yalikuwa na mawe tu, na mawe yale yalitumika kwenye msingi. Niliyaona kwa macho yangu, chokaa ya bibi bado iko upande mmoja. Tulienda ofisi tatu. Kila ofisi inauliza: hati iko wapi? Ndugu zangu, ukoo wangu haukuwahi kuwa na hati nyingine zaidi ya mawe yale.

Ndiyo maana nashikilia jina la Rosine. Ikiwa kaburi lenye kumbukumbu, ambalo wanafunzi wanapelekwa kuliona, watu hawajui nani yumo, basi hayo yetu ya mawe matupu yatakaa miaka mingapi?

Mchungaji_mstaafu

Mwana_kisauni, hilo la ukuta tulishughulikie. Vitabu vya kanisa vya ubatizo na maziko huandikwa jina na tarehe. Hati ya ardhi si hiyo, lakini ni ushahidi kwamba mtu fulani alizikwa siku fulani. Anza kwa kunakili majina ya ukoo wako, na kila mzee aliye hai umuulize nani alilala wapi, uchore ramani kwa mkono, hata kama ni kwenye daftari la shule. Fanya kabla ya mzee kuondoka. Nitakusindikiza kuomba vitabu.

dkt_wa_zahanati

Piga na picha za mawe ukiweka kitu cha kipimo pembeni, rula au kiberiti. Na alama ya mahali kwa simu. Mimi natoka zamu Jumamosi asubuhi, nipo.

nahodha_mvita

Nami nipo. Nitamleta baba yangu, ana miaka 81, anakumbuka daraja la zamani la kuelea, lile lililokuwepo kabla ya hili la 1980. Anasema makaburi ya Kisauni aliyaona yakifika mbali kuliko sasa. Mtamuuliza wenyewe.

mwana_kisauni

Basi Jumamosi, saa mbili asubuhi, tukutane Kengeleni. Tutaanza na makaburi yetu tukiwa na nguvu, jua likipanda tutashuka Mkomani. Mpwa wangu anakuja, ameandika jina la Rosine kwenye jalada la daftari lake kwa kalamu nyekundu, na ameniuliza kama aandike na la Eneba, ambaye hayupo hapa. Nimemwambia aandike.

BintiRabai

Nashuka na matatu ya kwanza kutoka Rabai. Nina mafyekeo mawili na debe la chokaa. Vifuu mtavikuta huko, au nije navyo?